Wati za kwenye boksi na omu za nyuma ya amplifaya: mwongozo wa mziki wa sebuleni

Pita kwenye maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Mwanza jioni, utayasikia kabla hujayaona. Sabufa imewekwa mlangoni, huku singeli, kule kwaya, na kwenye boksi kuna namba nene: 8,000W, pengine 12,000W PMPO. Muuzaji anapandisha sauti mpaka kioo cha kaunta kinatetemeka, anakutazama usoni na kukwambia, "Huu ndio mziki, kaka." Kwa dakika mbili hizo hakudanganyi. Shida huanza ukishafika nayo nyumbani Nyegezi au Buswelu: besi inanguruma bila kueleweka, maneno ya mwimbaji yamezama, na miezi michache baadaye upande mmoja unaanza kukoroma.

Kabla ya kulipa, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa kitu kama 230V~ 50Hz 60W. Hiyo W ya mwisho ni umeme unaovutwa ukutani. Hakuna kifaa kinachotoa nguvu nyingi kuliko inayoingia, na sehemu ya inayoingia huishia kuwa joto. Watengenezaji hawaipimi namba hiyo kwa namna moja, na kapasita za ndani, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kusukuma zaidi kidogo kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo usiihesabu kama kipimo kamili. Lakini kutoka 60 kufika 12,000 hakuna njia. PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kwenye boksi, haina kanuni yoyote inayoilinda. Kila kiwanda huandika kinachopendeza. Namba ya maana ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kuvuruga sauti, na ikiwa imetajwa pamoja na omu. Ikiwa boksi halina RMS kabisa, hilo nalo ni jibu.

Na kwa kweli sebule haihitaji wati nyingi. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 tu, ukiwa mita 1 mbele yake, hutoa sauti ya desibeli 85 mpaka 90. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukiwa umeweka taarabu Jumapili mchana huku mnapiga soga, amplifaya yako inatoa wati 1 au pungufu. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla. Isitoshe, sikio halijumlishi kama kikokotoo. Ukitoka wati 50 kwenda 100 umeongeza desibeli 3, tofauti ambayo mgeni asiyeambiwa anaweza asiigundue. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa maradufu, unahitaji wati mara 10. Kwa hiyo anayeumiza kichwa kati ya amplifaya ya wati 60 na ya wati 80 aumize kichwa kwa jambo lingine, na ningependa liwe namba yenye herufi dB kwenye karatasi ya spika, yaani zile desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya dB 91 hufikia sauti ileile ya spika ya dB 88 kwa nusu ya nguvu. Tofauti hiyo unaipata bure, ukichagua spika tu.

Sasa tuje kwenye omu, maana hapa ndipo vifaa vingi huungulia.

Omu ni ukinzani ambao spika inauweka mbele ya umeme wa amplifaya. Spika za nyumbani huwa za omu 8, 6 au 4. Za gari karibu zote ni za 4. Namba ikiwa ndogo, mlango uko wazi zaidi na umeme mwingi zaidi unapita. Tuseme amplifaya inasukuma volti 20. Kwenye omu 8 itatoa ampea 2.5, ambazo ni wati 50. Kwenye omu 4 ni ampea 5, wati 100. Kwenye omu 2 inadaiwa ampea 10. Mwenye nyumba anafurahi kwamba sauti imepanda, lakini transista ndani zinachemka, na transfoma haikutengenezwa kwa deni hilo. Ni kama kufungulia mabomba yote ya nyumba yaliyounganishwa kwenye pampu moja ndogo: maji yatatoka kwa muda, kisha pampu itanuka.

Kwa hiyo soma maandishi yaliyo jirani na tundu za spika nyuma ya amplifaya. Yakisema 6–16Ω (Ω ni alama ya omu), usiifungie mzigo wa chini ya omu 6. Na mzigo hautokani na spika moja moja, unatokana na jinsi ulivyoziunganisha. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, nyekundu mbili pamoja na nyeusi mbili pamoja, zinakuwa omu 4. Zikifungwa kwa mfuatano, nyeusi ya kwanza ikaingia kwenye nyekundu ya pili, zinakuwa 16. Amplifaya nyingi zenye matundu ya A na B huunganisha jozi hizo mbili sambamba ukibonyeza A+B, na watu hubonyeza bila kujua wamekata omu kwa nusu.

Uswahilini kuna utamaduni mzuri wa kuchonga maboksi na kuweka spika za gari ndani. Siupingi, boksi la mbao nzito lililochongwa vizuri linaweza kuishinda sabufa ya dukani. Ila hesabu zifanywe. Spika nne za gari za omu 4 zikifungwa zote sambamba zinakuwa omu 1, na amplifaya ya kawaida ya nyumbani haitavumilia hilo. Funga mbili kwa mfuatano upate 8, mbili nyingine kwa mfuatano upate 8, kisha makundi hayo mawili sambamba. Unarudi kwenye omu 4. Kama amplifaya inataka 8, weka kundi moja kila upande na mambo yameisha.

Kuna imani nyingine iliyoenea, kwamba spika huungua kwa sababu amplifaya ni kubwa. Inatokea, lakini nyumbani mara nyingi ni kinyume chake. Amplifaya ndogo ikilazimishwa ipige sherehe ya kipaimara uwanjani, inafika mwisho wa uwezo wake na vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa bapa. Mawimbi yaliyokatwa yana nishati nyingi zaidi, na sehemu ya nyongeza hiyo inakwenda juu, kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo koili yake ni waya mwembamba sana. Twita inakufa kwanza, watu wanaendelea kucheza, na asubuhi spika "imeziba". Dalili huja mapema: sauti inaanza kuchanika kwenye herufi s na matoazi. Hapo punguza sauti mara moja, hata mshereheshaji akilalamika.

Mtumba: hazina na mtego

Kwa bei ya sabufa mpya ya plastiki unaweza kupata amplifaya ya mtumba iliyotoka Japani au Ulaya, nzito kiasi cha kubebwa kwa mikono miwili. Uzito huo ni transfoma na kipozajoto, na kwa maoni yangu ndiyo biashara bora katika eneo hili lote. Lakini soma volti kabla ya kuchomeka. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, haigusi volti. Amplifaya ya volti 100 ikipewa 230, ukiwa na bahati inakata fyuzi. Usipokuwa nayo, transfoma inatoa moshi. Baadhi zina kiteuzi cha volti nyuma, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi nyingi. Zisizonacho zinataka transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko unaovutwa na amplifaya. Kwa amplifaya inayovuta wati 200, usinunue ya 200 kamili, nenda 400 au 500. Ya Marekani iliyoandikwa 60Hz peke yake itachemka zaidi kwenye umeme wetu wa 50Hz hata ukishusha volti sawasawa.

Spika za mtumba zina ugonjwa wake. Toa kitambaa cha mbele, utaona pete laini inayoizunguka koni, ile sehemu inayotetemeka. Ikiwa ni ya sponji, iguse kwa ncha ya kidole. Sponji ya zamani huoza kwa joto, mwanga na unyevu, na mtu akikaa karibu na ziwa unyevu haumpigi chenga. Ikiacha unga au kunata kidoleni, imekwisha, hata kama inaonekana nzima. Pete ya mpira hudumu zaidi. Kisha weka vidole viwili vya kila mkono pande za koni na uisukume ndani taratibu, kwa usawa. Ikienda na kurudi kimya, nzuri. Ikikwaruza, koili imevimba au imepinda. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, weka kwenye omu: spika ya 8 nzima husoma kama 6, ya 4 husoma tatu na kitu. Ikisoma wazi kabisa, yaani umeme haupiti, koili imekatika, na muuzaji akisema "ni waya tu umelegea," mwambie aukaze kwanza ndipo mzungumze bei.

Chumba ndicho kinachopiga

Ukinunua vizuri na kufunga ovyo, umenunua vibaya. Nyumba zetu mpya ni sementi, vigae sakafuni, madirisha makubwa ya alumini, dari ya jipsamu. Piga kofi moja katikati ya sebule tupu. Ukisikia mlio unaokimbia ukutani kabla haujafa, huo ndio utakaofunika kila neno la mwimbaji. Dawa yake ni zulia, mapazia mazito yanayoanguka mpaka chini, makochi ya kitambaa, kabati la vitabu. Trei za mayai zilizogandishwa ukutani kama studio ya mtaani hazisaidii kitu cha maana: ni karatasi nyembamba, besi inapita kana kwamba hazipo, na zikishika moto zinawaka vizuri sana.

Besi ina tabia yake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na chumba cha urefu wa mita 4 kinajikuza chenyewe karibu na hezi 43, pale pale ilipo nyuzi nene ya gitaa la besi, ambayo ni hezi 41. Ndiyo maana noti moja inalipuka na inayofuata inapotea. Chumba cha mita 3 kwa 3, ambacho wapangaji wengi wa Mabatini na Igogo wanakijua, ni kigumu zaidi kwa sababu urefu na upana vinakuza noti ileile, karibu na hezi 57, kwa pamoja. Huwezi kuvunja ukuta, lakini unaweza kuhamisha sabufa. Kuiweka pembeni, kwenye kona, kunaongeza besi kwa wingi na kuiharibu kwa ubora. Fanya hivi: weka sabufa mahali unapokaa wewe, juu ya kochi kabisa, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumba ukiinama, sikio karibu na sakafu. Pale noti zote zinaposikika kwa nguvu sawa, hapo ndipo pa kuweka sabufa. Watoto watakucheka. Waache.

Spika mbili za mbele ziwe na nafasi kati yao karibu sawa na umbali wa kila moja mpaka ulipo, tuseme mita 2 kwa 2. Twita ifike usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Sogeza spika mbali na ukuta wa nyuma, sentimita 30 ukiweza. Mwimbaji asikike anatokea katikati, pasipo na spika. Akionekana hayupo popote na besi imekonda, umebadilisha nyekundu na nyeusi upande mmoja: koni moja inatoka wakati nyingine inaingia, na zinauana. Betri ya tochi ya volti 1.5 inatoa jibu. Ukiwa umefungua waya kwenye amplifaya, gusisha chanya kwenye waya unaokwenda nyekundu na hasi kwenye nyeusi, kwa sekunde moja. Wufa, ile spika kubwa ya besi, iruke nje. Ikiingia ndani, geuza.

Kuhusu waya, usitapeliwe. Waya wa kawaida wa shaba wa 1.5 mm², ule wa fundi umeme, unatosha kwa mita 5 au 6 za sebule. Ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi ya omu. Waya mwembamba kama uzi unaokuja na sabufa ndio wa kutupa ukiurefusha. Kwangua kidogo ule unaouzwa bei chee: ikitokea rangi nyeupe chini ya ile ya shaba, ni alumini iliyopakwa.

Jambo la mwisho la kufunga, na mama mwenye nyumba anisamehe: kile kitambaa kizuri cha kufuma juu ya amplifaya kitoke. Matundu ya juu ni ya kutolea joto. Acha wazi sentimita 10 hivi. Mende nao hupenda joto hilo usiku, na mende mmoja kati ya njia mbili za umeme anatosha kuleta shoti, kwa hiyo usafi wa kabati ni sehemu ya utunzaji wa mziki.

Inapoanza kuguna

Mguno wa chini usiobadilika, hata sauti ikiwa sufuri, una vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza kiko ndani: kapasita za kuchuja umeme zimekauka, na mguno unatoka hata ukichomoa kila kitu kinacholeta mziki. Hiyo ni kazi ya fundi. Cha pili ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vina njia mbili tofauti za kwenda ardhini, na umeme kidogo unazunguka kati yake. Mshukiwa wa kawaida ni king'amuzi, kwa sababu waya wa dishi umeshikana na bomba la chuma huko nje. Mziki ukiwa unaguna, fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mguno ukifa, umempata. Chomeka runinga, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja; mara nyingi inatosha. Isipotosha, na runinga na amplifaya zote zina tundu la waya wa mwanga (optical), tumia huo, kwa sababu mwanga haubebi umeme.

Usikate pini ya ethi ili mguno uishe. Mguno utaisha kweli, na siku transfoma ikivuja, chuma cha amplifaya kitakuwa na umeme wa ukutani. Mwanza hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingi za milimani zimekaa juu ya mawe, na kuipigilia fimbo ya ethi kwenye jabali ni kazi; wapo wanaoishia kuipigilia nusu na kukata sehemu iliyobaki. Jiwe kavu lenyewe halipitishi umeme vizuri. Kama ukigusa chuma cha runinga au kompyuta miguu ikiwa wazi kwenye kigae unahisi kijiumeme kinachotambaa, mwite fundi umeme aipime ethi yako kwa kifaa, asiiangalie kwa macho tu. Hata mguno unaweza kuondoka na hilo.

Ule mlio wa tri-ti-ti-tit unaokuja kabla simu haijaita si ugonjwa. Ni simu iliyo karibu, isogeze. Kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti ni vumbi ndani yake. Dawa ya kusafishia viunganishi inauzwa kwenye kopo, mafuta ya kupikia hayafai.

Upande mmoja ukiwa kimya, usifungue kitu. Zima, badilisha waya za spika nyuma ya amplifaya, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto, kisha washa. Spika ileile ikibaki kimya, ubaya uko kwenye spika au waya wake. Ukimya ukihamia spika ya pili, spika zote ni nzima. Rudisha waya, sasa badilisha jeki za sauti zinazoingia. Ukimya ukihama tena, tatizo ni chanzo au jeki. Usipohama, ni amplifaya. Umebakiwa na sehemu moja ya kulipia matengenezo badala ya tatu.

Amplifaya nyingi nzuri husubiri sekunde chache baada ya kuwashwa, kisha husikika "tak". Hiyo ni swichi ya ulinzi ikikubali kuwa njia ni salama. Isipolia, ondoa waya zote za spika na uwashe tena. Ikilia sasa, kuna nyuzi za waya zimegusana au spika ina shoti. Isipolia bado, ubaya uko ndani, mara nyingi transista iliyokufa, na mpaka hapo kazi yako imeisha. Usifungue kifuniko: kapasita kubwa hubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Ukimpelekea fundi redio, simama uone. Fundi anayejua kazi, akishabadilisha kilichoungua, haichomeki amplifaya moja kwa moja ukutani. Anaipitisha kwenye taa ya kizamani ya wati 60 au 100, ile yenye nyuzi ndani, iliyofungwa kwa mfuatano. Taa ikiwaka ghafla kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inang'aa, kuna kitu bado kinakula umeme, na taa ndiyo iliyokuokolea vipuri vipya. Baada ya hapo anaweka mita kwenye matundu ya spika bila mziki: isomeke chini ya milivolti 50 hivi, pande zote mbili. Ikisoma volti kadhaa, spika yoyote utakayofunga itasukumwa upande mmoja na koili yake itaungua. Akishapata namba ndogo, anajaribu kwanza na spika mbovumbovu ya mezani. Zako zinafuata mwisho.